Shangazi, mizani imegoma: mbona sioni mabadiliko?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 41 na urefu wa sentimita 162. Nilianza kupunguza uzito nikiwa na kilo 86, baada ya daktari kuniambia kwamba presha yangu haitatulia kwa vidonge peke yake. Nikapunguza sukari na vyakula vya kukaanga, nikaanza kutembea haraka dakika 40, siku tano kwa wiki. Uzito ukashuka vizuri hadi kilo 81. Mwezi uliopita rafiki akanishauri niongeze mazoezi ya vyuma, nikaanza, siku tatu kwa wiki. Tangu hapo mizani imegoma. Inacheza tu kati ya 80.6 na 82. Najipima asubuhi, mchana na usiku, na usiku huwa imepanda hata kilo moja na nusu. Siku ikianza na namba mbaya, yote imeharibika.

Kwenye kioo namwona mtu yuleyule. Tumbo la chini lipo, nyama za mikono zinatikisika vilevile. Mume wangu anasema nimepungua ila naona ananifariji tu. Kazini kuna aliyeniuliza kama naumwa.

Mengineyo si makubwa: sketi yangu ya kazini inazunguka hadi zipu inahamia mbele, ngazi za ghorofa ya nne napanda bila kusimama, na nilipojipima kiuno kwa futi ya fundi nguo nilipata 91. Mwanzo nilipata 98, lakini nilipima juu ya gauni kwa hiyo siamini. Na siku hizi nikiinuka ghafla naona kizunguzungu, nadhani ni njaa.

Niongeze sit-apu? Niache vyuma? Au mwili wangu ndivyo ulivyo?

Mtumwa wa Mizani

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na jambo ulilolitupia mwishoni, kwa sababu ndilo la haraka kuliko yote: kizunguzungu. Unatumia vidonge vya presha, umepunguza kilo tano na umeanza mazoezi. Kupungua uzito hushusha presha, mazoezi huishusha pia, na kupunguza vyakula vya kukaanga mara nyingi huondoa chumvi nyingi bila mtu kukusudia. Vidonge, kwa upande wake, viko palepale, kwa kipimo kilichopangwa kwa ajili ya mwili wa kilo 86 usiotembea. Basi huenda dawa iliyokuwa inakutosha sasa inakuzidi. Inaweza pia kuwa ni maji machache, chakula kidogo mno, au damu iliyopungua, ndiyo maana hatukisii. Tunapima.

Tafuta mashine ya presha ya kufunga kwenye mkono wa juu. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini, usivuke magoti, mkono umeegemea meza usawa wa moyo. Tulia dakika tano bila kuongea wala kushika simu. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi kabla ya kidonge na jioni, kwa siku saba. Andika namba zote, usichague zile nzuri. Angalau mara mbili katika wiki hiyo, ukishamaliza kipimo cha kukaa, simama na upime tena baada ya dakika moja, kisha baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hicho ndicho kizunguzungu chako, na karatasi hiyo ipeleke kwa daktari. Usiache kidonge wala kukigawa nusu kwa akili yako. Na kama ukizimia, au ukipata maumivu ya kifua, siku saba hazingojwi: nenda siku hiyohiyo. Kwa sasa, ukiamka kitandani kaa ukingoni dakika moja kabla ya kusimama.

Naona umeanza kuelewa ninakokupeleka. Kitu ulichokihesabu kuwa udhaifu kinaweza kuwa dalili kubwa kwamba mwili umebadilika. Barua yako imejaa mambo ya namna hiyo. Umeyaita "mengineyo", ukayasukuma mwishoni, ukaipa mizani ukurasa wote.

Tuiangalie basi hiyo mizani, maana haisemi uongo. Inapima mifupa, damu, chakula kilicho tumboni, choo ambacho hakijatoka, maji yote mwilini, na mafuta humohumo ndani. Wewe unaiuliza kuhusu mafuta, yenyewe inakujibu kuhusu vyote. Ukinywa lita moja ya maji sasa hivi na kurudi kusimama juu yake, umeongezeka kilo moja. Ukilala usiku kucha unapoteza nusu kilo, pengine hata kilo nzima, kwa pumzi, jasho na mkojo. Ndiyo maana namba ya usiku na ya asubuhi hazifanani, wala hazitafanana kamwe. Fanya hesabu: kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kalori 7,700. Ili hiyo kilo moja na nusu ya jioni iwe mafuta, ungelazimika kula zaidi ya kalori 11,000 juu ya mahitaji yako ya siku, kati ya asubuhi na jioni. Hukula hivyo. Unapima chakula cha mchana na glasi za maji.

Sasa, kwa nini mizani imegoma hasa ulipoanza vyuma? Sababu ya kwanza ni ukarabati. Misuli isiyozoea mzigo hupata michubuko midogo midogo, na mwili hupeleka maji na chembe za damu kuitengeneza. Yale maumivu ya siku ya pili baada ya mazoezi yanatokana na kazi hiyo, na maji yake yana uzito. Sababu ya pili ni akiba ya wanga. Misuli na ini huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni, jumla yake nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu moja hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ulipokata sukari mwanzoni, sehemu ya akiba hiyo ilitumika na maji yake yakatoka. Kwa hiyo katika zile kilo tano za kwanza, moja au hata mbili huenda zilikuwa maji. Samahani kukuharibia sherehe. Misuli inayofanyishwa kazi hujifunza kuweka akiba kubwa zaidi, na maji hurudi nayo. Mafuta yanaendelea kutoka huku maji yakiingia, na mizani inaonyesha jumla tu.

Sababu ya tatu ni hedhi. Siku chache kabla yake wanawake wengi hushika maji kiasi cha kuficha upungufu wa wiki mbili au tatu, kisha maji hutoka damu ikishaanza. Usilinganishe wiki ya kabla ya hedhi na wiki ya baada yake. Linganisha wiki na mwenzake wa mwezi uliopita.

Watakwambia pia kwamba mafuta yako "yamegeuka misuli". Hayageuki. Ni vitu viwili tofauti, kimoja hupungua na kingine huongezeka, na mwanamke anayekula kwa kujibana hapati kilo nne za misuli kwa mwezi mmoja. Kilicho kweli ni hiki: kilo moja ya mafuta huchukua nafasi ya lita 1.1 hivi, na kilo moja ya misuli lita 0.94 hivi. Tofauti ni ndogo kuliko inavyochorwa kwenye mabango ya mazoezi, ila inatosha sketi kuzunguka huku namba imesimama.

Kujipima mara tatu kwa siku ukome leo. Kuna wanaojipima kila asubuhi, wakachukua wastani wa siku saba, na kwa hesabu tupu hiyo ndiyo njia bora zaidi. Kwako siishauri, kwa sababu namba moja inakuharibia siku. Wewe jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya kula au kunywa, bila nguo au na nguo ya ndani tu. Mizani ikae kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia, na isihamishwe. Andika, funga daftari, endelea na siku. Kama mizani yako ni ile inayodai kupima asilimia ya mafuta kwa kupitisha umeme miguuni, kipimo hicho kipuuze. Hubadilika kwa glasi mbili za maji.

Kipimo nitakachokuamini nacho ni futi. Ile 91 yako ina thamani kuliko unavyodhani. Hata tukisema gauni lilikuongezea sentimita mbili nzima pale mwanzo, bado umepoteza tano kiunoni. Mafuta yaliyoko ndani kabisa ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayohusiana zaidi na presha na kisukari, na ndiyo yanayoitikia mapema mtu anapotembea na kula kwa kiasi. Huyaoni kwenye kioo wala huwezi kuyabana kwa vidole kwa kuwa yako chini ya misuli. Yale unayoyabana, ya tumbo la chini, yako juu ya misuli na huchelewa. Kwa hiyo kiuno kinaweza kupungua sentimita tano huku mkunjo ule unaoutazama kila asubuhi ukibaki na sura yake.

Rudia kipimo, safari hii kwa utaratibu. Futi za kitambaa zikizeeka huvutika na kukupa namba ndogo kuliko ukweli, kwa hiyo ilinganishe kwanza na rula ngumu. Simama wima, miguu imeachana kidogo, tumbo wazi. Papasa ubavuni mpaka uguse mbavu ya mwisho, kisha papasa kutoka chini mpaka uguse ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Katikati ya sehemu hizo mbili weka alama ya kalamu, pande zote mbili. Futi ipite juu ya alama hizo. Usifuate kitovu, kwa sababu kitovu hushuka tumbo likilegea, na utakuwa unapima mahali tofauti kila mwezi bila kujua. Futi ilale usawa kuzunguka mwili mzima. Kosa kubwa la anayejipima peke yake ni futi kulegea mgongoni, ikaongeza sentimita mbili ambazo hazipo. Simama ubavu kwenye kioo uihakikishe, au mumeo akushikie nyuma. Iguse ngozi bila kuibana. Pumua kawaida, usome namba mwisho wa kutoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Pima mara mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, rudia zote mbili, kisha chukua wastani.

Fanya hivyo kila baada ya wiki mbili, asubuhi, tumbo likiwa tupu, na uruke siku zilizo karibu na hedhi. Kwa urefu wako, lengo la kuelekea ni kiuno kisichofika nusu ya urefu, yaani chini ya sentimita 81. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba kwa mwanamke hatari huanza kupanda kiuno kikizidi 80, na hupanda sana kikizidi 88. Umebakiza sentimita tatu kutoka kwenye kundi la hatari kubwa, na kabla ya hapo ulikuwa ndani yake kwa sentimita nane, au kumi tukihesabu na gauni. Hilo si la kuliita mengineyo.

Ukipenda ongeza nyonga, pale makalio yalipotokeza zaidi, na paja, katikati ya mkunjo wa kinena na juu ya goti. Mkono wa juu pima katikati ya ncha ya bega na kiwiko, ukiwa umening'inia. Paja na mkono usivipime baada ya mazoezi, maana misuli hujaa damu na kuvimba kwa saa kadhaa. Na usishtuke paja likibaki vilevile miezi miwili: mafuta yanapungua juu yake na misuli inanenepa chini. Libonyeze ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, utagundua tofauti ambayo futi haiioni.

Kioo nacho kina shida yake. Unakitazama kila siku, na kila siku tofauti ni ndogo mno kuonekana. Tena hutazami mwili wote. Macho yanakimbilia tumbo la chini na mikono, sehemu mbili ulizokwisha kuzihukumu. Mumeo anatazama wote, na ana kumbukumbu ya zamani ya kulinganisha. Sioni sababu ya kumfanya mwongo.

Dawa ya kioo ni picha, na picha nazo zina kanuni, la sivyo zitakudanganya kuliko kioo. Simu isishikwe mkononi. Iegemeze juu ya kitu, kamera iwe usawa wa kitovu, wewe usimame mita mbili na nusu au tatu kutoka ilipo, kwa sababu kamera ya simu ikiwa karibu hupanua kilicho mbele yake. Weka alama sakafuni pa simu na pa miguu yako. Mwanga utoke mbele yako, dirishani, saa ileile. Mwanga wa kutoka juu huchora vivuli vya mikunjo, na watu wanaouza miujiza hutumia huohuo: picha ya "kabla" chini ya taa ya dari, ya "baada" mbele ya dirisha. Vaa nguo ileile ya kubana, simama umelegea, piga mbele, ubavu na nyuma. Mara moja kila wiki nne. Linganisha ya kwanza na ya karibuni tu, usilinganishe zinazofuatana. Na anza kutazama mgongo. Wengi huona mabadiliko pale kwanza kwa kuwa hawajazoea kuulaumu.

Nguo ya kipimo unayo tayari: sketi. Ilimradi isiwe ya kitambaa kinachovutika, ni shahidi mzuri. Ipime kabla ya kuifua, kwa sababu ikitoka kufuliwa hubana na itakutia hofu ya bure.

Hayo ni ya umbo. Kazi ya mwili ndiyo hubadilika mapema kuliko umbo, na ndiyo watu husahau kuiandika. Katika wiki sita au nane za kwanza za vyuma, nguvu unazoongeza hutoka zaidi kwenye neva: ubongo unajifunza kuziita nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja na kwa mpangilio. Msuli wenyewe kunenepa hadi uonekane huchukua miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo usisubiri kuona. Pima unachoweza kufanya.

Kiti. Kiegemeze ukutani, kiwe na kimo cha sentimita 43 hivi. Kaa, kunja mikono kifuani, inuka ukae mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Ukiinuka hesabu moja, miguu ikiwa imenyooka kabisa. Ukitumia mikono kujisukuma, haihesabiwi. Hii iache mpaka daktari akishatatua kizunguzungu.

Njia. Chagua mzunguko mmoja wa tambarare unaokuchukua dakika 20 hivi. Utembee kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, uandike muda. Baada ya mwezi, kwa pumzi ileile, muda utakuwa umepungua.

Mapigo. Kabla ya kutoka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu kwa sekunde 60. Chukua wastani wa asubuhi tatu. Moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi kwa pigo moja, hivyo hupunguza idadi ya mapigo ukiwa umetulia. Kuna tahadhari kwako: kama kidonge chako ni cha kundi la beta-bloka, dawa yenyewe hushusha mapigo, na kipimo hiki hakitakuambia mengi. Muulize mfamasia. Mapigo yakipanda kwa asubuhi kadhaa mfululizo kuliko kawaida yako, mara nyingi ni usingizi mchache, homa inayokuja, au mazoezi yaliyozidi. Pumzika siku mbili.

Ngazi za ghorofa ya nne usizipite hivihivi. Utafiti wa watu wazima wenye ugonjwa wa magoti ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua huondoa takriban kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Kwa kilo tano, ni kama 20 katika kila hatua. Hesabu hatua za siku moja halafu uniambie hakuna kilichobadilika.

Kuna mabadiliko mengine ambayo watu huyaona wakadhani wanaugua. Utasikia baridi zaidi, kwa sababu mafuta chini ya ngozi hutunza joto na chakula kidogo huzalisha joto kidogo. Kiti kigumu kitaanza kukuumiza makalio. Ukilala ubavu, magoti yatagongana. Weka mto katikati. Pete italegea, mkanda wa saa utahamia tundu jingine, viatu vinaweza kupwaya. Anayelala nawe anaweza kuona kukoroma kumepungua. Uso hupungua mapema kwa wengi, na ndio unaowafanya wenzako waulize kama unaumwa. Mjibu, "Naendelea vizuri, nafanya mazoezi," usiongeze ripoti ya kilo. Hoja ya kilo ikishafunguliwa kila mtu atakuwa mtaalamu.

Na yapo usiyoyaomba. Matiti hupungua, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni mafuta. Pima upya sidiria badala ya kukaza mikanda. Michirizi hufifia rangi lakini haifutiki. Ngozi kulegea hutegemea umri, kilo zilizotoka, na mimba ulizobeba. Krimu haziikazi, msuli ulio chini yake huijaza kidogo. Nywele zinaweza kunyonyoka miezi miwili hadi minne baada ya kupungua kwa kasi, kisha zikaota. Wewe ukishuka kwa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki na kula protini ya kutosha, uwezekano huo unapungua.

Kuhusu sit-apu, hapana. Zitakaza misuli ya tumbo chini ya mafuta, hazitayeyusha mafuta yaliyo juu yake. Msuli hautumii mafuta ya jirani yake. Mafuta huitwa kutoka mwili mzima kwa njia ya damu, na ni jinsia, urithi na umri vinavyoamua wapi yanatoka kwanza. Kwa taarifa tu, sehemu kubwa ya mafuta yaliyotumika hutoka mwilini kwa pumzi, kama hewa ukaa, na iliyobaki kama maji. Kwa hiyo jasho jingi halikuambii umechoma kiasi gani, na mifuko ya plastiki ya kujifunga tumboni ni upotevu wa pesa na wa maji.

Vyuma usiache. Mtu akipunguza uzito bila kazi ya misuli, sehemu ya kilo anazopoteza ni misuli yenyewe, na kiuno chake hakishuki kama kinavyostahili. Baki na siku mbili au tatu zisizofuatana. Chagua miondoko ya kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma, kuvuta, na kuinua kitu kutoka chini. Kila mwondoko seti mbili au tatu za marudio 8 hadi 12, uishie pale unapohisi umebakiza mawili hivi ya uwezo wako. Ukifika 12 katika seti zote bila kuvuruga mkao, ongeza uzito mdogo kuliko wote uliopo. Kwa sababu ya presha yako kuna sharti moja lisilo na mjadala: usibane pumzi. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Kubana pumzi chini ya mzigo hurusha presha juu ghafla, na kuiachia huishusha ghafla, na wewe tayari una kizunguzungu.

Protini, kama figo zako zimepimwa na ni nzima, lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwako ni kama gramu 97 hadi 130, zikigawanywa katika milo yote badala ya kurundikwa usiku. Kama figo hazijapimwa, hilo nalo mwulize daktari ukimpelekea karatasi ya presha, kwa maana presha na figo ni majirani wa karibu.

Umepita asilimia tano ya uzito wa mwanzo. Kati ya asilimia tano na kumi ndipo presha, sukari na mafuta ya damu huanza kuonyesha nafuu inayopimika maabara. Omba vipimo hivyo virudiwe. Utapata karatasi yenye namba ambazo haziwezi kubishana na kioo. Na kila Jumapili andika mistari mitatu kwenye daftari: mwili umefanya nini wiki hii ambacho haukuweza, nguo gani imekaa vipi, na umelalaje. Usiandike unavyojiona mzuri au mbaya. Andika tukio. "Nimebeba ndoo ngazi zote kwa mkono mmoja" inatosha. Ukijikuta unabana tumbo kwa vidole mara kumi kwa siku, unafikiria chakula tangu asubuhi hadi usiku, unajitapisha, au hedhi imekosekana miezi mitatu, hapo daftari halitoshi. Mwone mtaalamu, kwa sababu kinachohitaji kutazamwa si uzito tena.

Sasa swali ulilolizunguka: ikiwa kweli imesimama? Inawezekana. Mwili wa kilo 81 hutumia nishati kidogo kuliko wa 86, kukaa na kutembea pia, kwa hiyo sahani iliyokupunguza mwanzoni inaweza kuja kuwa sahani ya kukuweka ulipo. Usiamue kwa mizani peke yake. Subiri wiki sita tangu ulipoanza vyuma. Ikiwa kufikia hapo kiuno hakijashuka hata sentimita moja tangu kipimo chako kipya, na uzito wa wiki haujashuka ukilinganishwa na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita, chakula kimelingana na matumizi. Usikate mlo mzima. Anza na vitu vinavyoingia bila kuhesabiwa: mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko cha chakula badala ya kumiminwa, kwa sababu kijiko kimoja ni kalori 120 hivi na mkono hauoni tofauti ya kimoja na vitatu. Kisha vinywaji vyenye sukari, na mabaki ya sahani za watoto. Badilisha kimoja tu kwa wakati, kipe wiki tatu, upime kiuno tena kabla ya kugusa cha pili.

Shangazi